Kuwaimba Waliotangulia: Nyimbo za Wazee wa Rumba Hapa Baraka

Katika vijitabu kama hiki watu wanaandikaka juu ya ngoma, mahari, jando, Bwami na mavuno. Ni vizuri, na sisi tumesoma kurasa hizo kwa faida kubwa. Lakini leo tunaomba nafasi kidogo kwa desturi moja ambayo wengi hawaihesabu kuwa desturi, kwa sababu inatumia waya, jenereta na bafule. Ni desturi ya kukusanyika pamoja, wapiga gitare wakiwa mbele, na kuimba upya nyimbo za waimbaji waliokwisha kufa.

Wengine watatuuliza: hiyo ni mila ya wapi? Tunajibu hivi. Mila haipimwi kwa mti uliochongwa ngoma peke yake. Inapimwa kwa namna mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake na kukipitisha kwa mdogo wake. Wendo Kolosoy na mpiga gitare Henri Bowane walitoa wimbo wa Marie-Louise mwaka 1948. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni babu, pengine ni babu wa babu. Kitu ambacho baba amekirithi, mtoto akakirithi, na mjukuu anakidai, tukiite jina gani kama si mila?

Tena jambo hili si letu peke yetu. Kule Marekani na Uingereza watu wanafanya vile vile kwa waimbaji wao wa rokenrol. Elvis Presley alikufa tarehe 16 Agosti 1977, na mpaka leo kuna watu wanaovaa nguo kama zake, wanachana nywele kama yeye na kuimba nyimbo zake mbele ya watu waliolipa kiingilio. Chuck Berry alikufa mwaka 2017, Little Richard mwaka 2020, na bado nyimbo zao zinapigwa kwenye majukwaa na vijana ambao hawakuwaona kwa macho. Tofauti na sisi iko moja. Kule mara nyingi wanatafuta kufanana na mtu: sauti yake, koti lake, hata namna ya kutikisa mguu. Hapa kwetu hakuna anayevaa kama Franco. Hapa watu wanasikiliza kitu kimoja tu: je, ile sebene imepigwa sawa? Ukikosea sebene, hata ukivaa koti la dhahabu, wazee watakuambia ushuke.

Inafaa kwanza tueleze nyimbo hizi zilifikaje Fizi, kwa sababu njia yake si ile ambayo vijana wanafikiri. Kutoka Baraka mpaka Kinshasa, ndege akiruka moja kwa moja, ni zaidi ya kilometa 1500. Kutoka Baraka mpaka Dar es Salaam ni pungufu ya kilometa 1200. Sisi tuko karibu na bahari ya Hindi kuliko na mji mkuu wetu. Usiku, maji ya ziwa yakiwa yametulia na wavuvi wa ndagala wamewasha taa zao, Radio Tanzania ilikuwa inaingia vizuri sana huku kwetu. Wazazi wetu walikuwa na vikapu viwili vya nyimbo. Kikapu cha kwanza kilitoka magharibi: Grand Kallé na African Jazz, Franco na OK Jazz, Docteur Nico, Tabu Ley. Hizo zilikuja kwa disiki, na baadaye kwa kaseti, na zilikuwa za Lingala, lugha ambayo mama zetu wengi hawakuielewa lakini waliiimba neno kwa neno. Kikapu cha pili kilitoka mashariki, kwa Kiswahili: Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyekufa kwa ajali ya gari huko Kenya mwezi wa kwanza mwaka 1979, na orkestra zote za Dar.

Lakini angalia ajabu yake. Ndani ya hicho kikapu cha mashariki, kumbe wengi ni Wakongomani! Orchestra Maquis walitoka Kamina, Katanga. Ndala Kasheba, fundi wa gitare ya nyuzi kumi na mbili aliyekufa mwaka 2004, alikuwa mtu wa Katanga. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, Maniema, si mbali sana na sisi. Alifika Dar mwaka 1978, akaingia Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Aliimba juu ya maskini, juu ya kifo, juu ya ugonjwa wa sida wakati wengine waliona haya kuutaja. Alikufa Dar tarehe 13 Desemba 2010. Basi sauti hizo zilitoka kwetu, zikavuka, zikajifunza Kiswahili cha kule, kisha zikarudi kwetu usiku kwa radio. Mtu wa Fizi akisikiliza Remmy alikuwa anasikiliza ndugu yake aliyesafiri.

Na sisi pia tukasafiri. Vita ya mwaka 1996 ilipofika, watu wa Baraka, Fizi, Ubwari na vijiji vya pembeni walivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda Kigoma. Wengine walifika Nyarugusu, wengine Lugufu. Wengine hawakufika, maji yaliwachukua. Mtu alitoka nyumbani na sufuria, na mtoto mgongoni. Nani angebeba sanduku la kaseti? Disiki zilivunjwa, kaseti zilifungua nyuzi zake barabarani, watoto wakachezea. Tunaweza kusema bila kuongeza chumvi kwamba mkusanyo wote wa muziki wa wilaya nzima ulipotea katika majuma machache, isipokuwa ule uliokuwa ndani ya vichwa vya watu.

Kambini, vichwa hivyo ndivyo vilikuwa maktaba. Kulikuwa na wazee waliotengeneza gitare kwa mbao za sanduku na nyuzi za breki ya baiskeli. Walikaa jioni mbele ya nyumba ya udongo na kupiga nyimbo za African Jazz pole pole, huku wakibishana: hapa Nico alishuka hivi, hapana, alipanda. Sisi tuliokuwa vijana tulijifunza pale. Hatukujifunza kwa disiki, tulijifunza kwa ubishi. Kuanzia mwaka 2005 meli zilipoanza kurudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka, na Lugufu ilipofungwa mwaka 2009, wale wazee walirudi na ubishi wao. Watoto waliozaliwa kule walirudi wakisema Kiswahili cha Kigoma, na Bongo Fleva masikioni. Pengo likawa wazi.

Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote, kwa ombi la nchi mbili, Kongo yetu na Kongo ya Brazzaville. Radio zote zilitangaza. Shuleni tulitumia habari hiyo katika somo. Tuliandika ubaoni majina: Wendo, Kallé, Franco, Nico, Tabu Ley. Tukaeleza kwamba Indépendance Cha Cha ilipigwa mara ya kwanza Brussels, mwezi wa kwanza mwaka 1960, wakati wa Meza ya Duara, na African Jazz ya Kallé. Kijana mmoja wa darasa la mwisho akanyoosha mkono. Alisema: «Mwalimu, ile rumba ni ya watu wa Kinshasa. Sisi ya Fizi inatuhusu nini?»

Swali lilikuwa zuri, na darasani halikujibika vizuri kwa chaki. Tukakutana watu wachache: walimu wawili watatu, fundi wa kushona, mvuvi mmoja, muuguzi aliyestaafu. Tukaamua jibu litolewe kwa gitare. Katika likizo kubwa ya mwaka 2022 tutapiga, watu wakisikiliza na kuona, nyimbo za wale wazee waliotangulia, na kabla ya kila wimbo mtu mmoja ataeleza ni wa nani, wa mwaka gani, na ulifikaje hapa.

Matayarisho yalituchukua miezi mitatu. Wapigaji walikuwa saba. Mkubwa wao alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini ambaye vidole vyake viwili vilikuwa vimekakamaa. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na miaka kumi na saba, tena anatoka katika kwaya. Nyuzi za gitare tulizitafuta Uvira na Bujumbura. Saksofoni hatukuwa nayo. Zile fasi za saksofoni mvuvi alizipiga kwa mdomo, na watu walicheka mwanzo, baadaye wakanyamaza.

Inafaa vijana wajue namna nyimbo hizi zinavyojengwa, juu bila hiyo hawataona uzuri wake. Kuna gitare ya akompanyema inayoshika njia, kama mtu anayepiga kasia bila kuchoka. Kuna solo inayosema. Katikati yao wazee wa Kongo waliongeza gitare ya tatu, mi-solo, ambayo haifuati mmoja wala mwingine, inajibu. Chini kuna besi. Wimbo unaanza pole pole, mwimbaji anatoa habari yake, na baada ya hapo sauti zinakaa kimya na gitare zinachukua mamlaka: njo sebene. Ile mi-solo ndiyo inayopotea kwanza. Kijana wa leo akijifunza gitare anataka solo, kwa sababu solo inaonekana. Hakuna anayetaka kuwa mtu wa katikati. Yule mzee wetu, vidole vikiwa vimekataa, alimfundisha kijana wa kwaya mi-solo kwa kuimba tu: ti-riti-ti, ngoja, ti-riti. Majuma sita! Alikuwa hasifii. Akisikia kosa alipiga fimbo chini. Siku kijana alipopata, mzee hakusema kitu, alifunga macho tu.

Ndipo likaja jambo la kanisa, na tunaliandika wazi kwa sababu kila mtu wa Baraka analijua. Huku kwetu makanisa ndiyo yaliyofundisha watu wengi kupiga gitare. Kwaya zetu ni kubwa na zinapiga vizuri. Lakini mkristo anayepiga nyimbo za dunia anaweza kuwekwa pembeni, asishiriki meza ya Bwana. Mzee mmoja wa kanisa, mtu tunayemheshimu sana, alitufikia nyumbani jioni.

«Mwalimu,» alisema, «munapeleka batoto wetu fasi gani na hii miziki ya bar?»

«Baba Mzee,» tukamjibu, «tunawapeleka kwa baba zao.»

«Baba zao beko makaburini.»

«Ndiyo maana, Baba Mzee.»

Alikaa kimya. Tukamhadithia habari ya Wendo: kwamba alikuwa fundi wa mashini katika mashua za mto Kongo, na wimbo wake wa mwaka 1948 ulipopendwa sana, watu walieneza kwamba ukipigwa katikati ya usiku unafufua wafu, na viongozi wa kanisa wa wakati ule walimkasirikia. Mzee alicheka kidogo. Kisha akauliza maswali ya mtu mwenye akili: Kutakuwa na pombe? Ni saa ngapi? Wasichana watacheza namna gani? Tulimwambia hakutakuwa pombe, tutaanza saa tisa mchana na kumaliza saa kumi na mbili kabla ya giza, kwa sababu hata usalama hauruhusu watu kutembea usiku. Na kwamba nyimbo zenye maneno machafu hatuzipigi. Alisema: «Basi mimi sijawaruhusu. Lakini sikuwakataza.» Kwa watu wanaojua lugha ya wazee, hilo ni jibu kubwa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe lililotufanya tuandike kurasa hizi.

Msomaji anajua mabanga. Katika muziki wa Kongo wa miaka hii, mwanamuziki anataja majina ya watu katikati ya wimbo, na wanaotajwa ni wenye mali ambao wamelipa. Kuna nyimbo ambazo ukitoa majina hakuna kinachobaki. Na ukumbini watu wanapanda mbele kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso ili nao watajwe. Sisi tulipanga tangu mwanzo: siku ile hakuna jina la mtu aliye hai litakalotajwa, hata la mkubwa gani. Yatatajwa majina ya waimbaji waliokufa, na miaka yao. Kallé, 1983. Nico, 1985. Franco, tarehe 12 Oktoba 1989, aliyefia Ubelgiji na kuzikwa Kinshasa nchi nzima ikiwa katika maombolezo. Wendo, tarehe 28 Julai 2008. Remmy, 2010. Tabu Ley, tarehe 30 Novemba 2013. Papa Wemba, aliyeanguka jukwaani Abidjan mwezi wa nne mwaka 2016 akiwa anaimba.

Watu walikuja wengi kuliko viti. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu ulipita vizuri. Katika wa nne, ulikuwa wa Remmy, mama mmoja alitoka katikati ya watu akiwa na noti ya franka mia tano mkononi. Tulifikiri anakuja kumbandika mwimbaji. Alikwenda kwa yule anayeshika mikro akamwambia kitu sikioni. Kijana akatuangalia, hajui afanye nini. Mama akasema kwa nguvu, tukasikia sisi wote:

«Bwana yangu alikufia Lugufu. Huu wimbo alikuwa anaupenda. Mutaje jina yake.»

Hatukuwa tumepanga hivyo. Mzee wa gitare, bila kuuliza mtu, alitoa ishara kwa wapigaji waendelee na sebene, wasimalize. Jina likatajwa kwenye mikro, na neno Lugufu nyuma yake. Mama akaweka noti yake chini, akacheza pole pole peke yake, akarudi kukaa.

Baada yake wakaja wengine. Mwingine alitaja baba yake aliyezikwa Nyarugusu. Mwingine alitaja kaka wawili ambao mtumbwi wao haukufika Kigoma, na hawana kaburi. Mwingine alitaja dada aliyekufa baharabara, njiani, akazikwa pembeni ya njia na watu waliokuwa na haraka. Sebene ile, ambayo kwa desturi inachukua dakika nne au tano, iliendelea karibu nusu saa. Akompanyema hakuachia. Yule kijana wa mi-solo alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye viwiko, lakini alikuwa anajibu, anajibu, kama alivyofundishwa. Na yule mzee wa kanisa? Alikuwa nyuma, karibu na mlango, amesimama. Hakutaja jina. Lakini kofia yake ilikuwa mkononi.

Tangu siku ile tumefikiri sana. Kwetu mtu akifa kuna kilio, kuna matanga, na kuna siku ya kumaliza matanga, ambapo watu wanakula, wanapiga ngoma na kucheza, ili aliyebaki apewe ruhusa ya kuendelea na maisha. Bila siku hiyo, msiba haumaliziki, unakaa ndani ya nyumba kama moshi. Sasa hesabu ni wangapi waliokufa kati ya mwaka 1996 na kurudi kwetu, wakazikwa mbio mbio, ng'ambo, au wasizikwe kabisa. Nani aliwamalizia matanga? Familia nyingi za Fizi ziko na matanga ambayo hayajafungwa. Hatukulijua hilo kwa takwimu, tulilijua kwa kuona watu wazima wakipanga mstari mbele ya mikro.

Ndiyo maana tunasema kuwaimba waliotangulia si mchezo wa kuiga. Mtu hawezi kusimama tu sokoni na kuanza kulia mume aliyekufa miaka ishirini iliyopita, watamwona mgonjwa. Lakini ukimlilia Franco au Remmy, hakuna atakayekushangaa, na ndani ya kilio hicho unampitisha na wako. Mwimbaji maarufu ni kama mlango mkubwa: unafunguliwa kwa ajili yake, na wadogo wanaingia naye. Na yule kijana aliyeuliza darasani rumba inahusu nini Fizi, siku ile alikuwa amekaa mstari wa pili na bibi yake. Hajauliza tena, na sisi hatujamkumbusha.

Hatusemi kila kitu kiko sawa. Kuna wanaosema tunasifu muziki wa wageni huku nyimbo za Kibembe, za Kifuliiru na za makabila mengine ya huku zinakufa. Neno lao lina ukweli, na kazi hiyo nayo ifanywe, tena mbio, maana wanaojua wanapungua. Lakini kurekodi ngoma ya zamani hakumzuii mtu kupiga rumba. Wengine wanasema simu inatosha, kila wimbo uko ndani ya kadi ya simu kwa franka chache. Ni kweli, wimbo uko. Lakini simu haiwezi kurefusha sebene kwa sababu mama mmoja amesimama. Simu inamaliza wimbo pale ulipomalizikia mwaka 1974. Watu walio hai ndio wanaweza kungoja.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kwa chama chetu na kwa wasomaji. La kwanza, kila kijiji kiandike majina ya wazee waliobaki wanaojua kupiga akompanyema na mi-solo za zamani, kuanzia Mboko mpaka Lulimba, na kila mmoja apewe kijana mmoja wa kufundisha. La pili, mwenye kaseti au disiki iliyookoka vita asiitupe, hata kama haisikiki; ailete, mafundi wapo. La tatu, siku kama ile ifanywe kila mwaka wakati wa kiangazi, mchana, bila pombe, na ile desturi ya kutaja wafu ibaki bila malipo. Siku tutakapoanza kutoza pesa kwa jina la marehemu, itakuwa mabanga tu, na afadhali tuache.

Yule mzee wa gitare bado yuko, ila hatoki tena nyumbani. Solo yake amemkabidhi kijana wa kwaya, ambaye kanisa halikumweka pembeni. Nyuzi mbili za chini zimekatika tangu masika. Anayesafiri kwenda Bujumbura, tafadhali apite kwetu kwanza, tumpatie pesa ya nyuzi.